Wagonjwa wawili, mtungi mmoja: kisa cha siku ya tatu kwenye njia ya Turkana

Kisa hiki ni cha msafara wa miguu wa siku nne kaskazini mwa Kenya, kutoka upande wa South Horr hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana. Nilikuwa kiongozi msaidizi. Majina, mwaka, jina la klabu na vituo tulivyopiga kambi nimeviondoa, na wahusika wawili wakuu nimewaita Mama Z na M. Wote wawili wameusoma uchambuzi huu na kuniruhusu niutoe. Nauandika kwa ajili ya wanaoongoza watu kwenye nchi kavu, kwa sababu kosa tulilolifanya nimelisikia likifundishwa kama kanuni ya usalama.

Usuli

Tulikuwa watembezi kumi na mmoja, wengi wao wakaazi wa Nairobi, viongozi wawili, na wachunga ngamia wanne Wasamburu wakiwa na ngamia sita. Ilikuwa Februari. Njia yenyewe inafuata laga, yaani mto wa msimu uliokauka, kwa siku mbili za kwanza, mchanga laini chini na migunga kandoni, kisha inapanda kwenye mawe meusi ya volkano ambayo hayana kivuli hata cha mbuzi. Mawe hayo hushika joto tangu asubuhi, na kufikia saa sita mchana mtu anapigwa na jua juu na mawe chini.

Upepo nao lazima nieleze, maana umo ndani ya kisa. Upande ule upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu kila siku ya mwaka, na usiku na asubuhi ndio hasa hukaza. Ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme ijengwe karibu na njia hiyo. Kwa mtembezi, upepo ule ni mwongo: unakausha jasho kabla hujaliona. Mtu anapoteza maji na chumvi huku ngozi yake ni kavu na anasema hatoki jasho.

Tena kuna hofu ya kiu. Katika kikao chetu cha maandalizi kiongozi mkuu alisimulia, kama anavyosimulia kila mwaka, habari za msafara wa Sámuel Teleki, mpelelezi Mhungari. Uliondoka Pangani mwaka 1887 ukiwa na wapagazi wa pwani na Jumbe Kimameta, mzoefu wa misafara ya bara, na Machi 1888 ukafika ziwani kutoka kusini. Watu walikuwa wameungua kwa kiu. Walilikimbilia lile ziwa kubwa wakainama kunywa, wakakuta maji yana ladha ya magadi. Ni hadithi ya kweli na inamshika msikilizaji. Ila kila aliyetoka kwenye kikao kile alitoka na wazo moja tu kichwani, kwamba adui wa safari hii ni kiu. Mama Z, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwembamba, mtembezi mzuri wa milima ya baridi, aliniambia baadaye kwamba usiku ule aliota anakufa kwa kiu.

Mpango wa maji

Kwa karatasi ulikuwa mpango mzuri. Lita sita kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu kumi na saba, kwa hiyo zaidi kidogo ya lita mia moja kwa siku, yaani mitungi mitano ya lita ishirini. Ngamia watatu walibeba maji tu. Siku ya pili jioni tulijaza tena kwenye visima vya mchangani ndani ya laga, baada ya mzee wa wachunga ngamia kuzungumza na wenye visima na kusubiri zamu yetu nyuma ya mbuzi. Maji hayakupungua hata siku moja. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Kanuni ya kunywa ilikuwa hivi: lita moja kila saa ya kutembea, usingoje kiu. Kiongozi mkuu alikuwa na filimbi. Kila baada ya dakika ishirini aliipuliza na kuita, "Maji!" na sote tulinyonya mrija. Chakula hatukukitilia maanani vile. Asubuhi mkate na chai, njiani machungwa na glukosi, mchana chakula chepesi tukishafika kambini, usiku ndipo tunakula sawasawa. Ukiangalia orodha hiyo utaona chumvi ni kidogo mno kuanzia alfajiri hadi jioni.

Mfuatano wa matukio

Siku ya tatu tulipanga kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ngamia wawili walikuwa wamepotea usiku, na vijana walipowarudisha ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Kiongozi mkuu nami tulishauriana kwa dakika tano. Tungeweza kukaa chini ya migunga mpaka saa kumi jioni tukatembea na machweo. Tuliamua kuondoka, kwa sababu gari la akiba lilikuwa litukute ufukoni jioni ile na hatukutaka dereva alale peke yake. Leo naiona sababu hiyo ilikuwa nyepesi mno. Tulikuwa na simu ya setilaiti na dereva naye alikuwa na yake. Tungempigia tu.

Kufikia saa sita kipimajoto changu kivulini kilisoma nyuzi 39. M, kijana mwenye nguvu, alikuwa ametangulia na kamera yake ili alipige picha ziwa linapojitokeza nyuma ya ukingo wa mawe. Filimbi hakuisikia, na hata angeisikia nadhani asingesimama. Mama Z alikuwa wa mwisho, mimi nikiwa nyuma yake. Yeye filimbi aliitii kila mara, na kati ya filimbi na filimbi alikunywa tena.

Saa sita na dakika arobaini tulimkuta M ameketi kwenye jiwe, uso mwekundu, misuli ya miguu imekaza, kichwa kinamgonga, anahisi kichefuchefu. Saa saba na dakika kumi Mama Z naye akaketi. Kichwa kinamuuma, anasema amechoka tu. Mara akatapika, na alichotapika kilikuwa maji matupu, meupe.

Wachunga ngamia walilaza ngamia wawili, tukafunga turubai kutoka tandiko hadi tandiko na jingine kwenye fimbo, tukawaweka wote wawili chini yake. Tukaloweka mashuka, tukawapepea. Kiongozi mkuu akachanganya maji na glukosi kwenye birika moja akawanywesha kwa zamu, kikombe huyu, kikombe yule. Kwa macho yetu walikuwa wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja.

M alipata nafuu ndani ya saa moja. Alikwenda haja ndogo, mkojo wake ukawa kama chai ya rangi, akarudi akaomba chakula. Mama Z alizidi kuharibika. Alitapika mara mbili zaidi, na kila alipotapika tuliona sharti arudishiwe yaliyotoka, tukampa tena. Saa nane na nusu aliniita kwa jina la kaka yake. Nilimuuliza leo ni siku gani. Alinitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza kama watoto wameshakula.

Hapo ndipo mzee wa ngamia, ambaye alikuwa amechuchumaa pembeni ameshika kamba, alipozungumza. "Huyu mama maji yamemjaa," alisema. "Tangu asubuhi amekwenda nyuma ya mawe mara saba, labda nane. Mtu mwenye kiu haendi. Tazama pete yake."

Nilitazama. Ilikuwa pete nyembamba ya dhahabu, na nyama ya kidole ilikuwa imefura pande zote mbili hadi pete haionekani vizuri, kama uzi uliofungwa kwenye mandazi. Mikono yote ilikuwa imevimba hivyo. Nilifungua begi lake: mfuko wa maji wa lita tatu ulikuwa umebaki kikombe kimoja, na kwenye mapumziko ya saa nne nilikuwa nimeujaza mimi mwenyewe. Karibu lita sita kwa saa tano, na lita moja na nusu zaidi tulizompa chini ya turubai. Kwenye fulana yake nyeusi kulikuwa na mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, kuanzia kwapani hadi kiunoni.

Maamuzi chini ya turubai

Nilikuwa nimewahi kusikia habari za haiponatremia kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, nusu ukurasa hivi. Ni hali ya chumvi ya damu, yaani sodiamu, kuzimuliwa na maji mengi. Niliwaza kwa sauti: tusimamishe maji. Kiongozi mkuu alinijia juu, na sikumlaumu. "Unamnyima maji mtu aliyeanguka jangwani? Akitufia hapa utamwambia nini mumewe?"

Tulibishana kwa dakika chache ambazo sitazisahau. Kilichotupatanisha ni kipimajoto cha kwapani ndani ya sanduku la dawa, ambacho hakuna aliyekuwa amekitumia hadi wakati huo. M, ambaye tayari alikuwa na nafuu, alisoma 38.4. Mama Z alisoma 37.2. Kipimo cha kwapani husoma chini kuliko joto halisi la ndani ya mwili, kwa hiyo peke yake hakikutosha. Lakini mwanamke aliyechanganyikiwa kwa kupigwa na joto angekuwa anaungua, na huyu ngozi yake ilikuwa ya kawaida, mkojo wake mweupe kama maji ya kisima, vidole vimefura. Mambo manne yalielekea upande mmoja.

Tuliamua haya. Maji yasimame. Kwa kuwa bado aliweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza bila kukohoa, tulimyeyushia vipande vitatu vya supu ya chumvi katika nusu kikombe cha maji ya moto, akanywa taratibu akiwa ameketi. Simu ya setilaiti ikapigwa kwa dereva na kwa daktari tuliyekuwa tumekubaliana naye kabla ya safari. Watembezi wengine wakae hapohapo kivulini, asitoke mtu kwenda mbele. Na Mama Z asipandishwe ngamia, ingawa ndiyo ilikuwa njia ya haraka, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa akianguka kutoka juu ya ngamia kwenye mawe yale, ugonjwa wa kwanza utasahaulika.

Tulianza pia kuandika: saa, amekunywa nini, amekojoa lini, amejibu nini anapoulizwa jina lake. Karatasi ile ilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote tulivyokuwa navyo siku ile.

Matokeo

Gari liliweza kufika kama kilomita nne kutoka tulipokuwa. Saa kumi, jua lilipolegea, tulimbeba kwa machela ya nguzo za hema na mashuka, watu sita kwa zamu. Njiani alikojoa sana, mara mbili, na alipofika kwenye gari alijua jina lake na jina langu, ila mwezi hakuujua.

Kwenye kituo cha afya tabibu wa zamu alikuwa na chupa ya dripu mkononi kabla hatujamaliza kumlaza. Ni jambo la kawaida: mtu ametoka jangwani, ametapika, kituo hakina kipimo cha sodiamu. Nilimpa karatasi. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza, "Lita saba na nusu, una hakika?" kisha akaitundika chupa pembeni bila kuifungua na kumpigia daktari simu. Usiku kucha alimkesha, akamzuia kutapika kwa dawa, maji akamnyima. Asubuhi ndege ya wagonjwa ilimchukua. Hospitalini sodiamu yake ilikuwa 124, wakati kawaida ni 135 hadi 145, na hiyo ni baada ya usiku mzima wa kukojoa. Alikaa siku tatu akatoka mzima. Pete ilibidi ikatwe.

M alifika ziwani kwa miguu siku iliyofuata.

Uchambuzi: kwa nini mwili wake ulishindwa kuyatoa maji

Figo za mtu mzima zinaweza kutoa maji kiasi cha robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa, mtu akiwa amepumzika. Lakini anapotembea kwenye joto kwa muda mrefu, anapoumwa, anapohisi kichefuchefu, mwili hutoa homoni inayoziambia figo zishike maji. Kwa hiyo mlango wa kutokea unakuwa mwembamba wakati uleule tunaoufungua wa kuingilia. Kumbe hata zile mara saba au nane za nyuma ya mawe hazikutosha. Maji yaliyobaki yanazimua sodiamu, kisha yanaingia kwenye chembe za mwili. Kidole kikivimba pete inabana. Ubongo ukivimba fuvu halitanuki, ndiyo maana kinachofuata maumivu ya kichwa ni kuchanganyikiwa, baadaye degedege, na mwisho ni kifo.

Walio hatarini zaidi ni wenye miili midogo, watembezi wa polepole ambao wako njiani saa nyingi huku wakinywa, na wanaomeza dawa za maumivu aina ya ibuprofen. Mama Z alikuwa amemeza tatu tangu alfajiri kwa ajili ya magoti. Hatukumuuliza. Kwenye fomu yetu kulikuwa na swali la dawa za kila siku tu, na yeye magoti hayamuumi kila siku.

Wala si ugonjwa mgeni. Madaktari wamekuwa wakiuandika kwa watembezi wa Grand Canyon, Marekani, tangu miaka ya 1990. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walitoa damu ya kupimwa mwishoni, na 13% walikutwa na sodiamu pungufu. Hao ni watu waliokuwa na meza ya maji kila baada ya kilomita chache, kama sisi na filimbi yetu.

Kilichotuangusha

Filimbi kwanza. Kanuni ya lita moja kwa saa ilimtosha kijana wa kilo themanini na tano anayepanda mbio, ambaye hakuifuata. Kwa mwanamke wa kilo hamsini na mbili anayekwenda pole ilikuwa sumu, naye ndiye aliyeifuata kikamilifu. Msafara ukiwa na kanuni moja ya kunywa, atakayeumia ni yule mtiifu. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nyuma yake asubuhi nzima nikimsifu kwa kunywa vizuri.

Pili, tuliwatibu wawili kwa birika moja. Kichwa, kichefuchefu na uchovu viko kwenye magonjwa yote mawili. Vinavyotenganisha ni maswali matatu ambayo hayahitaji kifaa: amekunywa kiasi gani, amekojoa mara ngapi na rangi gani, mikono yake ikoje. Hatukuuliza hata moja kwa zaidi ya saa nzima. Aibu ya kumuuliza mwanamke mtu mzima habari za haja ndogo ilichangia, nakiri. Mzee wa ngamia hakuuliza pia, aliangalia tu. Yeye huangalia ngamia wake hivyohivyo.

Na hilo linanipeleka kwenye jambo la tatu. Wachunga ngamia wanne walikuwa wametembea njia ile maisha yao yote, na sisi tuliwaweka kwenye orodha ya vifaa, pamoja na mitungi. Hawakuitwa kwenye kikao cha jioni hata siku moja. Nilipomuuliza mzee kwa nini hakusema mapema, alinijibu kwa upole kwamba alidhani ile filimbi ni dawa ya watu wa Nairobi.

Kuchelewa kuondoka kulizidisha kila kitu, lakini sikioni kama chanzo. Tungeondoka alfajiri kwa filimbi ileile na chakula kilekile chenye chumvi kidogo, nadhani Mama Z angeanguka vilevile, pengine karibu zaidi na gari.

Kilichotuokoa

Simu ya setilaiti, karatasi ya saa, na uamuzi wa kutomfunga kwenye ngamia. Kisha tabibu ambaye alisoma kabla ya kutenda. Angefungua ile dripu kwa kasi, mimi sioni kama mwanamke huyu angefika asubuhi akiwa na akili zake.

Tuliyobadilisha, na tunalobishania bado

Filimbi haiendi tena. Tunawaambia watu wanywe wanaposikia kiu, wawe na maji mkononi wakati wote, na wasishindane kunywa. Kila mapumziko kuna kitu cha chumvi: karanga, nyama ya kukausha, viazi vya kukaanga. Asubuhi tunatazama vidole vya kila mtu na kumwomba avue pete. Swali la mkojo tunaliuliza kuanzia siku ya kwanza, hadharani, mpaka linazoeleka. Jua likifika saa nne tunasimama hadi saa kumi, na gari litusubiri. Mzee wa ngamia huketi kwenye kikao cha jioni na huzungumza wa kwanza.

Klabu ilitaka kwenda mbali zaidi na kuweka kikomo cha lita tatu kwa siku. Nilipinga na nitaendelea kupinga. M alikuwa mgonjwa wa kweli wa kukosa maji, siku ileile, kwenye mawe yaleyale, na kikomo hicho kingemwangusha yeye.

Hatujaafikiana na kiongozi mkuu juu ya ile supu. Yeye anasema mtu aliyekwisha kuchanganyikiwa hapewi kitu mdomoni, kwa sababu akitapika anaweza kuvuta matapishi mapafuni, nasi tulikuwa saa nne kutoka kwa tabibu. Mimi nasema alikuwa ameketi, anashika kikombe, anameza vizuri, na kusubiri degedege lianze kungekuwa hatari kubwa zaidi. Daktari wetu alipoulizwa alisema kila mmoja ana sehemu ya haki, na kwamba angalau nilipaswa kumpima kumeza kwa kijiko kimoja kabla ya kumpa kikombe. Sikufanya hivyo.